Kumpeleka mtoto shule kwa pikipiki: wa miaka 6 anakaaje, na wa miaka 2 je?

mzazi_wa_Goba

Wakuu, habari za humu.

Naomba ushauri wa wanaojua, siyo wa kutishana. Pikipiki ni Boxer 150, binafsi, haipigi bodaboda. Shule iko kilomita 4 hivi: moja na nusu ni vumbi lenye makorongo na mchanga, zilizobaki ni lami yenye foleni asubuhi. Mkubwa ana miaka 6, urefu sm 112, kilo 19. Mdogo ana miaka 2, huachwa kwa bibi yake njiani.

Mkubwa akae mbele kwenye tenki au nyuma? Mtaani wengi wanaweka mbele, wanasema "unamwona". Helmeti ya mtoto unaijuaje kwamba siyo plastiki tupu? Kumfunga na mkanda au khanga kwenye mwili wa dereva kunasaidia? Na mdogo, mama yake akimbeba mgongoni wakakaa nyuma, inakuwaje?

---

Mkufunzi_Udereva

Mkuu, nianze na mdogo kwa sababu jibu lake ni fupi: wa miaka 2 hapandi. Si mbele, si nyuma, si mgongoni kwa mama.

Kichwa cha mtoto wa umri huo ni karibu moja ya tano ya urefu wake wote, wakati cha mtu mzima ni moja ya saba au ya nane, na shingo inayokibeba bado changa. Ukimvisha helmeti ya pikipiki ya karibu kilo moja, umeiongezea mzigo shingo hiyo kwenye kila korongo. Usipomvisha, kichwa kiko wazi. Akiwa mgongoni kwa mama, yeye ndiye wa mwisho kabisa kwenye pikipiki, nyuma yake kuna bampa la gari linalofuata. Mkiruka tuta kichwa kinarushwa nyuma peke yake. Mama akimhamishia kifuani, anabanwa kati ya miili miwili, pua na mdomo vinaweza kuzibwa na mama asijue kwa sababu ya upepo na kelele. Halafu hesabu watu: wewe, mama, mkubwa, mdogo. Hapo mshikaki umeshapitiliza. Kwa bibi apelekwe kwa bajaji au kwa miguu.

Mkubwa sasa. Mbele kwenye tenki hapana. Unamwona, sawa, lakini ukifunga breki uzito wako wote unasukumwa mbele na mtoto ndiye yuko kati yako na usukani. Kifua na tumbo lake vinakutana na chuma. Mkono wake uko jirani na resi, na mtoto akishtuka anashika kilicho karibu. Kingine ambacho wengi hawakifikirii: kwenye kona ya taratibu, pale mchangani, magoti yake yanazuia usukani kukata hadi mwisho. Pikipiki inalala mkiwa mwendo wa mtu anayetembea.

Hesabu kidogo. Kwa mwendo wa 40, unakula mita 11 kila sekunde. Kugonga kitu kilichosimama kwa mwendo huo ni sawa na kudondoka kutoka mita 6 na ushee. Kwa 30 ni mita tatu na nusu. Mtoto wako wa kilo 19, pikipiki ikisimama kutoka 40 ndani ya mita moja, mwili wake unavuta kama mzigo wa kilo 120. Hakuna mkono wa mzazi unaozuia kilo 120 huku mwingine uko kwenye usukani. Kwa hiyo lile la "nitamshika" liondoe kwenye mpango.

Akikaa, ni nyuma, ametanua miguu, na yeye ndiye abiria pekee. Kujua kama amefikia, Ufilipino wana sheria ya mwaka 2015 ya usalama wa watoto kwenye pikipiki ambayo mimi naipenda kwa sababu inapima mwili badala ya kuhesabu miaka. Miguu ifike vizuri kwenye vikanyagio vya abiria, mikono iweze kuzunguka kiuno cha dereva na kushika, na awe na helmeti inayokubalika. Kimoja kikikosekana, hapandi.

Namna ya kupima: weka pikipiki kwenye stendi kubwa, wewe kaa mahali pako, yeye nyuma akiwa na viatu vya shule. Mwambie akanyage vikanyagio vyote viwili kisha ainue makalio kidogo kutoka kwenye siti bila kukuvuta. Akiweza, amefika. Ikiwa vinavyogusa ni vidole tu na visigino vinaning'inia, haihesabiki, maana kwenye korongo la kwanza miguu itaachia.

Na kwa bodaboda za kukodi usihangaike hata kupima: kanuni zetu ni abiria mmoja, na mtoto wa chini ya miaka 9 habebwi. Kwa hiyo siku ukisafiri usimpigie kijana wa kijiweni aje amchukue.

---

Duka_la_Spea

Nichangie kwenye helmeti.

Chukua futikamba ya fundi cherehani. Izungushe sm 2 juu ya nyusi, ipite juu ya masikio, nyuma ipite pale kisogo kilipotokeza zaidi. Rudia mara tatu, chukua namba kubwa. Watoto wengi wa miaka 6 wanaangukia 51 au 52. Helmeti ya mtu mzima iliyoandikwa M ni 57 hadi 58, ndiyo maana unaona watoto wamevaa kofia inayozunguka kichwa kikiwa kimetulia. Kuijaza kitambaa au sponji ya godoro hakusaidii, vinabonyea na kofia inachomoka. Usinunue kwa herufi, nunua kwa sentimita, kwa sababu S ya kampuni moja siyo S ya nyingine.

Kujua plastiki tupu: vua au sogeza sponji laini ya ndani. Chini yake lazima kuwe na povu gumu, lile la kufungashia televisheni ila limeshindiliwa zaidi, unene wa sm 2 hadi 3 au zaidi, na lifike mpaka kwenye panja. Hilo povu ndilo linalobonyea badala ya fuvu. Ukikuta sponji halafu moja kwa moja ganda, hiyo ni kofia ya kumkwepa trafiki. Lebo nayo: tafuta kwenye kamba ya kidevu kitambaa kilichoshonwa chenye herufi E ndani ya duara na namba pembeni, pamoja na namba inayoanza na 05 au 06. Hicho ni kiwango cha ECE 22, cha kimataifa cha usalama wa helmeti za pikipiki. Stika ya kubandika kisogoni peke yake usiiamini, inachapwa popote.

Ikimkaa vizuri, mashavu yanasukumwa juu kidogo kama mtu aliyejaza ubwabwa mdomoni. Shika kofia uizungushe kushoto na kulia: ngozi ya paji la uso iende nayo. Halafu funga kamba, pita nyuma yake, sukuma ukingo wa nyuma kwenda juu na mbele. Ikichomoka hapo, itachomoka kwenye lami. Kati ya kamba na kidevu viingie vidole viwili, basi.

Ya kufunika uso mzima inalinda taya na meno, lakini kwa mtoto pima kwenye mizani ya duka. Ikipita kilo moja na robo hivi, bora ya uso wazi yenye kioo kuliko kumpa shingo adhabu. Kioo kisikosekane, vumbi la barabara yako litamfumbisha macho.

Nywele ndizo zinaharibu vipimo vya wasichana. Mabutu au rasta zilizofungwa juu ya utosi zinainua kofia sm 2, paji linabaki wazi. Pima akiwa amesukwa vile atakavyokuwa shuleni, mitindo ya kulala chini ndiyo inafaa. Hijabu iwe ya pamba nyembamba, bila pini chini ya kofia, mikia yake iingie ndani ya sweta.

Usiining'inize kwenye saitmira, kile chuma kinachimba povu ndani na huoni mpaka siku ya siku. Usiifute kwa petroli, povu linayeyuka. Maji na sabuni ya kawaida. Ikishaanguka na mtoto ndani, hata kama haina ufa, imekwisha kazi. Mtumba usiuguse kabisa, hujui ilishagonga nini.

---

fundi_wa_matairi_mawili

Wakuu mmemaliza kichwa, mimi nashuka chini.

Kwenye Boxer ekzosi iko kulia. Mguu mfupi wa mtoto unaning'inia palepale bomba linapopinda. Kwa hiyo kupanda na kushuka ni kushoto tu, na kwa sababu sisi tunaendesha kushoto, huko ndiko ukingo wa barabara ulipo, hashukii kwenye magari. Angalia lile bati la kukinga joto kwenye ekzosi. Pikipiki nyingi limeshatolewa kwa sababu lilikuwa linapiga kelele. Lirudishe na skrubu zake zote.

Tairi la nyuma: upande wa kushoto pikipiki hizi huja na wavu wa kuzuia nguo. Watu wanautoa ili chombo kipendeze. Mguu wa mtoto ukiingia kwenye spoku, kisigino kinakwenda na ngozi. Kama huna, funga wavu pande zote mbili, matundu yasipitishe ncha ya kiatu cha mtoto. Khanga, mikia ya sketi, kamba za begi na za sweta, vyote vikae mbali na cheni na tairi. Kava la cheni likiwa limevunjika, badilisha kabla hujampandisha mtu.

Vikanyagio. Kama miguu haifiki, vinaweza kufungwa vya juu zaidi, sm 10 hadi 12 kutoka vya asili, lakini vishikwe kwenye fremu. Kuna mafundi wanachomelea kwenye ule mkono wa chuma unaoshika tairi la nyuma, huo unapanda na kushuka na tairi, goti la mtoto litapigwa kila shimo. Fremu isitobolewe, tumia kibanio cha bolti. Viwe vya kukunja, vyenye mpira juu, na upande wa kulia kiatu kibaki angalau sm 5 kutoka kwenye ekzosi. Ukishindwa kupata nafasi hiyo kulia, acha, usilazimishe.

Nyuma yake kwenye keria funga egemeo lenye sponji, lifike katikati ya mgongo. Mtoto hudondoka kwa nyuma mara nyingi zaidi wakati wa kuondoka kwa gia ya kwanza kuliko watu wanavyodhani, mkono wa klachi ukiachia ghafla. Na yale makava ya siti ya nailoni yenye kung'aa yatoe, yanateleza kama sabuni.

Upepo: kwa 150 za namna hii ni PSI 25 mbele na 32 nyuma ukiwa na abiria, lakini soma stika au kitabu cha pikipiki yako. Watu wa upepo wa barabarani wanajaza 40 kote ili usirudi mapema, na tairi likiwa gumu hivyo halishiki vizuri mchangani.

Begi la shule lisikae mgongoni mwa mtoto, linamvuta nyuma. Lisikae kati yenu pia, linamsukuma nyuma vilevile. Lifungwe kwenye keria nyuma ya egemeo kwa mpira wa tyubu, mikanda yake yote imefichwa.

---

mzazi_wa_Goba

Asanteni sana wakuu. Mdogo nimeelewa, ameondoka kwenye hesabu. Ila la mkanda sijajibiwa. Mtandaoni naona Wahindi wanauza mkanda kama begi, mtoto anavaa halafu unafungwa kwa dereva.

---

Asha_Usalama_Kwanza

Kaka, huo mkanda India umeingia kwenye kanuni. Walitangaza Februari 2022, ukaanza kutumika Februari 2023: mtoto wa chini ya miaka 4 avae mkanda unaomuunganisha na dereva, uwezo wa kubeba hadi kilo 30, wa miezi 9 hadi miaka 4 avae helmeti ya pikipiki au ya baiskeli inayomkaa, na mwendo usizidi 40. Faida yake kubwa ni usingizi. Mtoto akisinzia mikono inaachia bila taarifa, na dereva anajua baada ya kuona amepungukiwa uzito mgongoni. Mkanda unampa dereva nafasi ya kusimama.

---

Mkufunzi_Udereva

Dada Asha, kwa usingizi na makorongo nakubaliana. Lakini usichanganye kutodondoka na kuokoka kwenye ajali. Aliyefungwa kwa dereva huenda anakokwenda dereva, na dereva wa kilo 75 akitua ubavu, mtoto anaweza kuwa chini yake. Kanuni ya India imewekwa kwa nchi ambayo familia nyingi zina pikipiki tu. Haisemi kwamba mtoto wa miezi 9 yuko salama.

Kwa huyu wa miaka 6 ningeuruhusu kwa masharti: mikanda mipana ya mabegani na kiunoni, klipu inayofunguka kwa mkono mmoja, umefungwa kwenye mwili wa dereva na kamwe usifungwe kwenye siti wala keria. Pikipiki ikilala inaburuzika na moto wake, mtoto asiwe ameambatana nayo. Khanga ndiyo hapana kabisa. Fundo linalegea kwa mtikisiko, likikaza halifunguki, na ncha zake zinatafuta cheni.

---

Asha_Usalama_Kwanza

Hapo kwenye khanga hatugombani. Ila bado nasema mkanda hata kwa wa miaka 6, hasa safari ya jioni. Asubuhi mtoto yuko macho, saa tisa alasiri akitoka shule ameshiba na amecheza, dakika 5 tu anasinzia. Mzoeze kuongea au kuimba njia nzima. Akinyamaza, weka pembeni usimame, usigeuke kumwangalia mkiwa kwenye mwendo.

---

nesi_wa_zamu

Naongeza yanayofika wodini mara kwa mara.

Kuungua na ekzosi: maji safi ya bomba ya kawaida yatiririke juu ya jeraha kwa dakika 20, saa ile ile. Siyo barafu, siyo dawa ya meno, siyo asali wala mafuta. Malengelenge yasipasuliwe. Ikizidi ukubwa wa kiganja cha mtoto, au iko kwenye kiungo, aletwe.

Mguu kwenye spoku: zimeni injini kwanza. Usiuvute kwa nguvu wala kurudisha tairi nyuma, kata spoku kwa koleo. Hata kidonda kikionekana kidogo apigwe eksirei, ngozi ya kisigino hufa taratibu siku zinazofuata na mfupa unaweza kuwa na ufa.

Kichwa: mtoto ameanguka, ameamka, anasema yuko sawa. Mwangalieni saa 24. Kutapika kunakojirudia, kusinzia kusiko kwa kawaida, mboni moja kubwa kuliko nyingine, maji au damu sikioni au puani, degedege: hospitali bila kusubiri. Na kama analalamika shingo au hajitambui, msimpakie kwenye pikipiki nyingine! Hilo ndilo kosa tunaloliona zaidi. Alazwe bapa kwenye gari, kichwa kimeshikwa pande mbili kisigeuke. Helmeti mwacheni nayo kama anapumua vizuri.

Mavazi: viatu vya kufunga kamba au mkanda, ndala hapana. Suruali ya treki chini ya sketi, atavua shuleni. Sweta ya mikono mirefu hata kukiwa na joto, lami inakula ngozi ya kiwiko kwa sekunde moja. Wale wenye mwavuli mkubwa juu ya pikipiki wautoe wakiwa na mtoto, upepo wa lori likipita unausukuma kama tanga.

---

mzazi_wa_Goba

Nimempima sasa hivi kwenye stendi kubwa. Kichwa sm 52. Mikono inazunguka na vidole vinakutana. Miguu, vinavyogusa ni vidole tu, akijaribu kuinuka ananivuta shati.

---

Mkufunzi_Udereva

Basi bado, mkuu. Watoto wa umri huo huongezeka kama sm 5 au 6 kwa mwaka, mpime tena kila muhula. Mpaka hapo bajaji, au mwende kwa miguu hadi lami mpande daladala.

---

fundi_wa_matairi_mawili

Mkufunzi, na vile vikanyagio vya juu? Kwa sm 112 vinamtosha kabisa.

---

Mkufunzi_Udereva

Fundi, vikifungwa kwenye fremu kama ulivyoeleza, sikatai. Ila kipimo kirudiwe na vikanyagio vipya, ainuke bila kuvuta shati. Akifaulu, Jumamosi wazunguke uwanjani nusu saa kabla ya barabara: kupanda anapoambiwa tu na injini ikiwa imezimwa, kukumbatia kiuno, kulala upande anaolala baba, kugonga mgongo mara mbili akitaka kusimama. Baba naye ajifunze kuachia klachi taratibu na kufunga breki mapema, zote mbili pamoja, mpaka helmeti ya mtoto isimgonge mgongoni. Ikigonga, breki ilichelewa.

Kwenye lami asivuke 30. Kilomita mbili na nusu kwa 30 ni dakika 5, kwa 50 ni dakika 3. Foleni ikisimama naye asimame kwenye mstari, asipenye katikati ya magari, maana magoti ya mtoto yako usawa wa mabampa. Na mvua ya kwanza ya vuli, ile inayoinua oili juu ya lami, siku hiyo bajaji.

---

mzazi_wa_Goba

Sawa wakuu. Fundi, kibanio cha bolti kwa fremu ya Boxer natafuta cha milimita ngapi?

---

fundi_wa_matairi_mawili

Usinunue kwa namba ya mtu wa mtandaoni. Pima bomba la fremu kwa kalipa pale juu ya kikanyagio cha asili, toa rangi iliyovimba kwanza, halafu kibanio kiwe na mpira ndani na nati za kujifunga. Baada ya kilomita 50 kaza tena, vinalegea mwanzoni.